Mshahara Mkubwa Si Mshahara Wote

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Karatina. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu wa Sagana, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki waliokuwa kazini siku hiyo.)



Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo lililoleta maneno makali katika mkutano uliopita. Mtakumbuka kwamba wenzetu watatu wa gengi la njia waliacha kazi katika muda wa miezi miwili, wakaenda kwa matajiri wengine waliowaahidi mshahara zaidi. Mzee mmoja alisimama akawaita wasaliti. Kijana mmoja akamjibu kwamba msaliti ni yule anayeng'ang'ania mshahara mdogo huku watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mkutano ukaisha bila watu kuafikiana, na wengine wakaondoka bila kuagana.

Sisi hatukusoma sana. Shule yetu ilikuwa ile ya msingi ya misheni, na hesabu tuliyofundishwa huko ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Lakini jambo hili halitaki hesabu kubwa kuliko hiyo. Tena si jambo tulilosimuliwa na watu. Mwaka huu sisi wenyewe tulipata barua ya namna hiyo, tukailalia usiku mwingi bila usingizi. Basi tutasema tuliyoyaona, nanyi mtapima.

KWANZA: KUHAMA NI HAKI

Kabla ya kuulizana kama yafaa kuhama, tukubaliane kwamba mtu akitaka kuhama ana haki. Haki hiyo haikuletwa na gari la moshi. Wazee wetu waliilipia.

Vijana wengi hapa hawajui kipande kilikuwa nini. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kufuatwa kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika, akisha kuwa na umri wa kufanya kazi, alipigwa chapa za vidole akapewa karatasi iliyotiwa katika kopo la bati, akaivaa shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Ndani ya karatasi ile tajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Kama tajiri hakutia sahihi kwamba amekuachia, hukuweza kwenda kwa mwingine. Ukiondoka ulihesabiwa kuwa mtoro, ukatafutwa na polisi, ukashitakiwa. Na tajiri wa pili alipofungua kipande aliona mshahara wako wa zamani umeandikwa, akakupa ule ule. Je, mtu angepataje nyongeza?

Mwaka 1921 matajiri walipotaka kupunguza mishahara ya Waafrika, Harry Thuku na wenzake walianza chama Nairobi, wakapinga kukatwa kwa mishahara na wakapinga kipande pamoja na kodi. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu walipokusanyika penye kituo cha polisi kumdai wakapigwa risasi. Miongoni mwa waliokufa ni Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga, hapo Murang'a. Kipande kile kiliendelea kubanwa shingoni mwa watu mpaka mwaka 1947, ndipo sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ikachukua mahali pake.

Wala mambo haya si ya kale tu. Vijana wetu wa Nyeri na Kirinyaga wanaokwenda kufanya kazi Ghuba hukuta desturi iitwayo kafala, ambayo humfunga mfanyakazi kwa tajiri mmoja. Nchi ya Qatar ilibadili sheria yake mwaka 2020 ili mfanyakazi aweze kuhamia kwa tajiri mwingine bila barua ya ruhusa kutoka kwa yule wa kwanza. Angalieni: mwaka 2020! Miaka zaidi ya sabini baada ya kipande chetu.

Kwa hiyo, mzee wetu atusamehe, lakini neno lile la msaliti tuliondoe katika mikutano yetu. Mtu anayehama anatumia kitu ambacho wengine walikifia. Swali ni moja tu: je, amepima?

PILI: HESABU YA BARUA YETU

Sasa tueleze habari ya barua. Shamba moja la maua upande wa Timau lilitafuta fundi wa mitambo ya maji. Rafiki alipeleka jina letu, tukaitwa, tukajaribiwa siku moja, tukapewa barua. Hapa tulipo tulikuwa tukipata shilingi 30,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya nyumba. Kule waliandika 42,000. Ndugu zangu, tulipoisoma ile barua tuliiona kama mvua baada ya kiangazi. Shilingi 12,000 zaidi! Tulikwisha anza kuzitumia kichwani kabla hatujafika nyumbani: karo, mabati ya jiko, na koti la mama.

Mama watoto alichukua kalamu ya mtoto na daftari la shule. Akasema, "Baba, kwanza tuandike zile ambazo hutaziona." Tukaandika kwa viwango vya mwaka 2025.

Katika 30,000: hazina ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, yaani 1,800. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 450. Kodi ya mapato, baada ya msamaha wa 2,400, kama 731. Zinazobaki mfukoni ni kama 26,194.

Katika 42,000: NSSF 2,520. Bima 1,155. Ushuru wa nyumba 630. Kodi ya mapato, hapo ndipo pana jino, maana sehemu ya mwisho ya mshahara hukatwa asilimia 30: kama 3,692. Zinazobaki ni kama 34,003.

Toeni wenyewe. Nyongeza ya shilingi 12,000 imekuwa shilingi 7,809. Zile elfu nne na zaidi hazikuibiwa, ni sheria, na nyingine ni akiba yetu ya uzeeni. Lakini hazinunui unga mwezi huu.

Tukaendelea. Hapa tunalala kwetu, tunakwenda kazini kwa baiskeli. Kule hatuwezi kwenda na kurudi kila siku. Chumba kimoja tulichoonyeshwa ni shilingi 5,000. Nauli ya kuja kuwaona watoto kila mwisho wa juma ni 600 kwenda na kurudi, mara nne, 2,400. Na chakula? Hapa githeri ya jungu moja inatosha watu sita. Mtu akiondoka jungu halipungui sana, lakini huko aliko lazima anunue mkaa wake, mafuta yake, sukari yake. Tukaweka 3,000, nayo ni kwa kujibana. Jumla ni 10,400.

Basi nyongeza ni 7,809 na matumizi mapya ni 10,400. Kwa mshahara mkubwa zaidi tungekuwa maskini zaidi kwa shilingi 2,591 kila mwezi. Tulirudia hesabu mara mbili tukidhani tumekosea.

Ndugu zangu, hesabu hii ina umri mkubwa kuliko sisi. Zamani mishahara ya mjini ilipangwa kana kwamba mfanyakazi ni mwanamume asiye na mke wala mtoto, na jamaa yake inajilisha huko mashambani. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilisema kwamba hali hiyo haifai, na kwamba mshahara wapaswa kupanda hatua kwa hatua mpaka utoshe mtu pamoja na mkewe na watoto. Sisi tungekubali barua ile, tungejirudisha wenyewe kule nyuma ya 1954: baba chumbani Timau, mama na watoto Mathira, na mshahara mmoja unapika majungu mawili.

Hatusemi hesabu ya kila mtu itatoka hivyo. Kijana asiye na mke, aliyepanga chumba hapa na atakayepanga chumba kule, hana jungu la pili. Kwake zile 7,809 ni zake zote. Na mwenzetu ambaye nyumbani kwake ni Timau, anayelipa kodi ya chumba hapa ili afanye kazi, yeye akienda anapata mara mbili. Ndiyo sababu twasema kila mtu aandike hesabu yake mwenyewe, asiazime ya jirani. Na mwenye mke aandike pamoja naye, kwa sababu yeye ndiye anayejua unga huisha siku gani.

TATU: YASIYOANDIKWA KWENYE MSHAHARA

Yako mambo ambayo hayaonekani katika karatasi ya mshahara, nayo ni mali.

La kwanza ni miaka yako. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi akipunguzwa kwa sababu kazi imepungua, alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Sisi tuna miaka 11. Mara 15 ni siku 165. Ukigawanya 30,000 kwa siku 30, ni shilingi elfu moja kwa siku, basi ni shilingi 165,000. Siku tutakapoandika barua ya kuacha kwa hiari yetu, haki hiyo inafutika, maana kuacha si kupunguzwa. Kule tutaanza na sifuri. Tena kazi ikipungua, sheria yasema tajiri aangalie pia ni nani wa zamani na ni nani mgeni. Mgeni hutoka mapema.

La pili ni majaribio. Tajiri mpya aweza kukuweka katika majaribio hadi miezi sita, na kwa ridhaa yako muda huo waweza kuongezwa hadi mwaka mmoja. Wakati huo aweza kukuachisha kwa kukupa taarifa ya siku saba tu, au mshahara wa siku saba. Hapa, mtu wa mshahara wa mwezi aliyethibitishwa hupewa taarifa ya siku 28 au zaidi. Basi mwenye kuhama anaondoka penye nguzo na kusimama kwa miezi kadhaa juu ya kijiti.

La tatu ni nyumba. Sheria yataka tajiri akupe nyumba ya kufaa au fedha za kupangia juu ya mshahara. Lakini yaruhusu pia mkataba useme kwamba fedha za nyumba zimo ndani ya mshahara. Barua yetu ilikuwa na mstari mmoja mdogo chini kabisa uliosema hivyo. Tuliusoma mara ya tatu ndipo tukauona. Mistari midogo ndiyo huwa na meno.

La nne ni deni. Wengi wetu tuna mikopo ya chama cha akiba, ambayo hukatwa kwenye mshahara kabla haujatufikia, na wenzetu wametudhamini. Mtu akihama na makato yakakoma, deni halihami pamoja naye. Linabisha kwa wadhamini. Tumeona hapa mama mmoja wa ofisi akikatwa mshahara kwa deni la mtu aliyekwenda zake bila hata kuaga. Neno la usaliti kama lina mahali pake, basi ni hapo. Anayetaka kuhama aende kwanza kwa chama cha akiba, apange atakavyolipa, awaone wadhamini wake uso kwa uso.

La tano ni mwili. Ulizeni kazi mpya inafanywa saa ngapi, usiku au mchana, na katika dawa gani. Ulizeni kama mtu akiumia hupelekwa hospitali kwa gari la tajiri au kwa mgongo wa mwenzake. Ulizeni kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na mkataba wa pamoja. Msiulize ofisini tu. Kaeni penye kibanda cha chai nje ya lango jioni, muwaulize wanaotoka.

NNE: TAJIRI ATAKUWAPO KESHO?

Hapa Karatina wazee waweza kutuonyesha mfano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya chakula cha askari. Watu wa Mathira walilima mboga kwa bidii, fedha zikaingia. Vita vikaisha 1945, askari wakarudi kwao, na kiwanda kikafungwa. Mboga hazikuharibika wala wakulima hawakuwa wavivu. Mnunuzi mmoja tu alikuwa amekwenda zake.

Na sisi wa reli tusijidanganye kwamba chuma hakivunjiki. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Mwaka 2006 reli yetu ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ulikoma mwaka 2017, haujamaliza hata nusu. Njia yetu hii, iliyofika Thika 1913 na Nanyuki 1930, ilikaa miaka mingi majani yakiota kati ya mataruma, hata ilipofufuliwa mwaka 2020 na gari la abiria likarudi. Basi hata kubaki si salama kwa sababu tu ni kubaki. Wenye kusema "hapa ni reli, hapafi" waulizeni wale wa 1977.

Twasema haya ili mtu apime pande zote mbili kwa mizani moja. Usipime kazi mpya kwa hofu na ya zamani kwa mazoea. Uliza juu ya zote mbili: nani ananunua kazi hii? Akiacha kununua, mimi nitakuwa nani?

TANO: USIFUNGE MLANGO KABLA YA KUFUNGUA MWINGINE

Mmesikia habari za Profesa Wangari Maathai, mtoto wa Ihithe, Nyeri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi yake ya Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee kiti cha Bunge huku Nyeri, maana sheria ilitaka aache kazi kwanza. Akazuiwa kugombea kwa sababu ya mambo ya kuandikishwa kupiga kura. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi imekwisha jazwa. Akatakiwa pia kuondoka katika nyumba ya chuo. Katika muda mfupi alipoteza kazi, kiti na nyumba.

Yeye hakufuata mshahara, na baadaye alisimama tena akafanya makubwa ambayo dunia inayajua. Lakini tuulizane: mtu wa elimu ile yalimpata hayo, je, sisi wenye vyeti vya darasa la nane? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema usibadili mkeka maisha yako yote. Walisema usitupe wa zamani kwa ajili ya ule unaopita njiani na mwenyewe.

Kwa hiyo twashauri: usiache kazi kwa neno la mdomo, wala kwa simu, wala kwa sababu shemeji yako anamjua msimamizi. Ngoja karatasi yenye sahihi, yenye mshahara, saa za kazi, likizo, siku ya kuanza, na muda wa majaribio. Sheria inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe. Kisha toa taarifa yako sawasawa, fanya kazi mpaka siku ya mwisho, kabidhi vyombo, dai siku zako za likizo zilizobaki, na dai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Ondoka vizuri. Kuna mtu aliyetoka hapa akimtukana nyapara, na mwaka uliofuata alirudi kuomba kibarua kwa nyapara yule yule.

SITA: WAKO WALIOFANYA VEMA KUONDOKA

Tusiseme upande mmoja. Tulikuwa na kijana hapa aliyekuwa akibeba mataruma nasi. Akapata kazi Nanyuki kwa fundi wa kuchomea vyuma, na mshahara ulizidi wa hapa kwa shilingi 1,500 tu. Tulimcheka. Tulimwambia ameuza blanketi kwa ajili ya leso. Lakini yeye hakuhesabu zile 1,500. Alihesabu kwamba baada ya miaka mitatu atakuwa na ufundi mkononi. Leo ana duka lake karibu na soko la Karatina, na sisi tuliomcheka tunampelekea mageti yetu. Huyo alipima kuliko sisi.

Tena, tajiri akikaa miezi bila kukulipa, hapo hakuna cha kupima sana. Kazi inapoanza kuua kifua au mgongo, ondoka ungali mzima. Na kama kazi mpya itawaweka baba, mama na watoto chini ya paa moja, mahali ambapo ya zamani iliwatenga, basi hata mshahara ukipungua kidogo yaweza kuwa faida.

SABA: NA WANAOBAKI?

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tukubali kusimama hapa.

Mtu mmoja akihama kwa siri, tajiri wetu humtafuta mwingine kimya kimya, na mshahara unabaki pale pale. Wakihama watatu kwa siri, ni vile vile. Sisi tunaobaki tunafanya kazi ya watu watatu, na tunapoomba nyongeza twaambiwa, "Kama huridhiki, mlango uko wazi." Lakini barua ya kazi yenye mshahara zaidi si siri ya mtu mmoja. Ni ushahidi. Inaonyesha ufundi wetu una bei gani hapa hapa, kati ya Sagana na Nanyuki.

Basi sisi tulifanya hivi. Kwanza tulirudi Timau, tukawaomba waandike fedha za nyumba mbali na mshahara, au watupe nyumba ya kukaa na jamaa. Wakakataa kwa adabu. Tukawashukuru, tukakataa nasi. Kisha tuliipeleka barua yao kwa katibu wetu. Tukamwambia afunike jina la shamba, lakini aache tarakimu zionekane. Katibu akawauliza wengine kimya kimya. Kumbe tulikuwa watu wanne tuliokuwa na barua za namna hiyo, kila mmoja ameificha chini ya godoro, kila mmoja akidhani yuko peke yake! Barua hizo nne sasa ziko katika faili la kamati, na zimewekwa mezani katika mazungumzo ya nyongeza.

Jibu bado halijaja. Hatutawadanganya kwamba tumeshinda. Wapo usiku ambao tunafungua lile daftari la mtoto tukaangalia 42,000 tena, na roho inauma, kwa sababu karo ya muhula ujao haijui kwamba sisi tuna miaka 11 ya utumishi. Mazungumzo yakifika mwisho na hakuna kitu, huenda nasi tukapima upya. Tutakapopima tutawaambia, hatutatoroka usiku.

Kwa kumaliza, haya ndiyo maswali tuliyoyaandika nyuma ya daftari. Yachukueni nyumbani:

1. Nyongeza ikisha katwa, zinabaki shilingi ngapi mkononi?
2. Nyumba, nauli na jungu la pili vitakula ngapi?
3. Ninaacha miaka mingapi, na haki gani zinafutika?
4. Majaribio ni ya muda gani, na yameandikwa?
5. Nani amenidhamini, na nimemwambia?
6. Nitajifunza nini huko ambacho sikijui leo?
7. Tajiri yule atakuwapo baada ya miaka mitano?
8. Chama changu kimeiona barua?

Swali la nane msiliruke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeondoka na aondoke kwa amani, tumpe mkono, atuachie habari za mshahara wa huko. Anayebaki asibaki kwa uvivu. Abaki kwa sababu amepima, na aje mkutanoni.

Mzee wetu na kijana wetu wa mkutano uliopita wote wako hapa leo, tumewaona wamekaa benchi moja. Twawaomba wasalimiane kabla ya kwenda nyumbani.